Sanduku la Chanjo Mbele ya Wakwe

Watu wengi wa Bukavu wanajua yaliyomo ndani ya sanduku langu kuliko mimi ninayelibeba. Nikipita Nguba asubuhi, wananiuliza kama soda zangu zimepoa. Nikipanda kuelekea Bagira, wanawake wanaotoka sokoni wanataka kujua kama sambaza zangu, wale dagaa wa Ziwa Kivu, ni za leo au za jana. Siku moja askari wa barabarani alinisimamisha akaomba bia moja tu ya kukata kiu. Nilipomwambia kuwa ni chanjo za watoto, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyezoea kudanganywa.

"Papa," akasema, "kila mutu anafichaka bière yake. Pita."

Sanduku lenyewe ni la bluu, lina mkanda wa begani na kifuniko kizito. Nalifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi la ndani la gari. Kazi yangu ni kuchukua chanjo kwenye ghala la Ibanda, penye friji kubwa, na kuzipeleka kwenye vituo vidogo vya afya vya mlimani, ambako umeme huja bila kubisha hodi na huondoka bila kuaga.

Niliacha shule nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini na nyumbani tukabaki watoto watupu, mimi nikiwa mkubwa wao. Pikipiki ndiyo iliyotulisha. Nimebeba kuku, milango, magunia ya makaa, bibi harusi aliyechelewa kanisani, hata jeneza tupu. Hakuna mzigo ulionitaka adabu kama huu.

Watu hudhani kwamba baridi ikizidi ndiyo nzuri zaidi. Sivyo. Kuna chanjo zinazoharibika kwa joto na nyingine zinazoharibika kwa kuganda, na zote husafiri ndani ya sanduku moja kama wake wenza. Kwa hiyo vipande vya barafu vikitoka kwenye friji haviingizwi moja kwa moja. Vinapangwa juu ya meza viachwe vitoke jasho. Ukiingia ghalani asubuhi unamkuta mtu mzima wa koti jeupe anatikisa kipande cha barafu sikioni, anasikiliza, anakunja uso, anakirudisha mezani. Anataka asikie maji yakicheza ndani. Mpaka ayasikie, wewe unakaa kimya kama uko misani. Baada ya hapo amri ni moja: sanduku halifunguliwi njiani, hata kwa kuhakikisha kwamba halijafunguka.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa siku ya mahari ya mdogo wangu wa kike, anayenifuata kwa kuzaliwa. Kwa kuwa baba hayupo, kiti cha baba kilikuwa changu. Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na wiki nzima alikuwa akinifundisha.

"Ukisha kuikala mu kiti ya baba yako," aliniambia, "hausimame mpaka neno ya ngombe iishe. Ukisimama mbele iishe, ni kusema umemukatala mukwe."

Sikuwa nimewahi kuisikia mila hiyo. Baba mdogo hukumbuka mila za mababu siku ileile anapozihitaji.

Sasa, Jumamosi hiyohiyo, muuguzi mkuu wa kituo cha juu ya Bagira, mwanamke ambaye sote tunamwita Maman Titulaire, alikuwa ametangaza makanisani kwamba kutakuwa na chanjo ya surua na nyinginezo. Betri ya friji yake ya jua ilikuwa imekufa. Chanjo zilipaswa kufika siku hiyo na kutumika siku hiyo. Mama wa mlimani anayeacha shamba, anashuka na mtoto mgongoni, kisha anaambiwa arudi wiki ijayo, harudi. Mume atamuuliza alienda kufanya nini, naye hatakuwa na jibu, na mtoto wake atabaki hivyohivyo akiingojea surua. Maman Titulaire alinieleza haya kwa simu bila kupumua, nami nikakubali. Nilijipangia: asubuhi Ibanda, kabla ya mchana kituoni, kisha nyumbani, nioge, nivae suti ya kuazima, nikae.

Mvua haikuwa katika mpango wangu. Ilinyesha asubuhi nikiwa bado ghalani nangoja barafu itoe jasho, na nilipofika kwenye mpando wa mtaani kwetu nilikuta ukingo umeporomoka na lori la mchanga limelala katikati ya njia kama ng'ombe aliyegoma. Pikipiki hupita popote. Pale haikupita. Nilijaribu ukingoni, gurudumu la mbele likamezwa na matope, nikasaidiwa kulivuta na watu wawili waliotaka kwanza kujua bei ya samaki. Nyumba yetu iko chini ya pale. Kituo kiko juu.

Nikampigia Maman Titulaire.

"Barafu iko namna gani?" akauliza.

"Sijafungula, maman. Siwezi kujua."

"Umejibu muzuri. Ungekuwa umefungula, ningekuchoma sindano ku ulimi. Sasa, fika kwenu. Weka mu kivuli. Usiweke karibu na moto ya bamama. Mutu asiikalie. Na hata askofu akikuomba ufungule, umwambie arudi na miye."

"Maman, leo kwetu kuko mahari."

"Basi kuko bière. Usichanganye."

Wakwe walikuwa wameshafika. Nao waliogopa mvua, wakaja mapema. Hema lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki vimejaa, jua limetoka ghafla kama linalotaka kulipiza. Niliingia na matope mpaka magotini, sanduku begani. Wakwe wakanitazama mimi, kisha wakalitazama sanduku, na nyuso zao zikachanua. Umeme ulikuwa umekwenda tangu jana yake. Walikuwa wakinywa soda ya moto na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, nayo ikiwa ya moto.

"Nioge kwanza," nikamwambia baba mdogo.

"Matope ni ya Bukavu, banaijua. Ikala!"

Nikakaa kwenye kiti cha baba. Kivuli pekee chenye nafasi kilikuwa chini yangu, basi nikaliweka sanduku katikati ya miguu yangu na kulifunika kwa mapaja.

Msemaji wa wakwe alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia, na sauti ya mtu asiyewahi kuhitaji kipaza sauti. Aliwasalimu wazee, akawasalimu marehemu, akaisalimu mvua. Kisha akasema:

"Bakwe zetu, tumekuya mu nyumba yenye sifa. Tulisikia kama apa mugeni hakose kitu. Tumekunywa soda ya moto, tunashukuru, inapasha tumbo. Lakini macho yetu haina pazia. Tunaona baba wa mutoto anafunika kitu mu miguu yake kama kuku yenye kulalia mayai. Tunauliza tu. Ile mayai ni ya nani?"

Upande wao ukacheka. Upande wetu ukanitazama. Baba mdogo akaniinamia huku akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Fungula kidogo."

"Siwezi, baba mudogo."

"Kidogo tu, babone kama haiko bière."

"Baridi itatoka."

"Na mukwe naye atatoka!"

Ndipo ikasikika sauti nyuma ya pazia la chumba, mahali ambapo bibi harusi hujificha asionekane wala asisikike mpaka aitwe.

"Yaya, usifungule!"

Hema zima lilimsikia mdogo wangu akiniita yaya, yaani kaka mkubwa. Baba mdogo akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshasimama, na hapo niliona kwa nini ukoo wetu humpa yeye kusema.

"Mumeuliza mayai ni ya nani," akaanza. "Ni yenu. Mu ile sanduku muko chanjo. Munatafuta mwanamuke wa kuwazalia bajukuu. Sisi tumesha kutayarisha kinga ya bajukuu mbele ya mimba. Munitajie nyumba ingine mu Bukavu yenye ilipokeaka bakwe namna ii!"

Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Nami nikapumua. Mzee wa kofia akangoja vigelegele viishe.

"Aksanti sana. Tumepokea," akasema. "Basi fungula tuone iyo kinga ya bajukuu betu."

Baba mdogo, aliyekuwa ameanza kukaa, akanyooka tena. "Haifunguliwake mbele ya neno ya ngombe," akasema kwa uzito. "Ni mila."

Mila hiyo ilikuwa na umri wa sekunde chache, lakini upande wao uliiheshimu. Wakaanza neno la ng'ombe. Neno la ng'ombe ni refu. Wao huanza kwa kusema kwamba ng'ombe wameisha duniani, sisi huanza kwa kusema kwamba msichana wa namna hii hajawahi kuzaliwa, na watu hupanda taratibu kutoka pande mbili za mlima wakitafutana kileleni. Mimi nilikuwa nikilisikiliza sanduku. Niliweka kiganja kwenye kifuniko. Plastiki ilikuwa na uvuguvugu kwa nje, na hilo halisemi kitu, nje si ndani, nilifundishwa hivyo. Lakini kiganja hakijasoma. Kila jua lilipoingia pembeni mwa hema nililisogeza sanduku kwa visigino, bila kusimama, na kiti kikisogea nalo, hata nikajikuta nimegeuka nusu na kuwapa wakwe bega.

"Baba wa mutoto amekasirika?" mmoja wao akauliza.

"Anafuata kivuli," baba mdogo akajibu. "Ni mila."

Simu ikatetemeka mfukoni. Maman Titulaire.

"Lori haitoke leo," akasema. "Niko nashuka na bamama kwa njia ya mashamba. Bamekuya wengi, sitaki barudi bure. Kwenu ni wapi kabisa?"

Nikamwelekeza, kisha nikanong'ona: "Maman, apa kuko bakwe."

"Balichanjwa?"

"Nafikiri."

"Basi haiko shida."

Nilijaribu kumweleza baba mdogo. Alikuwa katikati ya sentensi yenye ng'ombe dume ndani yake, akanipungia mkono: "Kiisha, kiisha." Nikajaribu tena, akanikanyaga.

Inafaa nieleze jinsi bibi harusi anavyotolewa kwetu. Hatolewi mara moja. Kwanza huletwa msichana mwingine amefunikwa kitenge, wakwe wanamtazama, wanasema si huyu, wanampa chupa ya soda ya kumrudisha alikotoka. Kisha anakuja wa pili, naye si yeye. Watu wanacheka, na wakwe wanaonyesha kwamba wanamjua wao. Binamu zetu wawili walikuwa jikoni na vitenge vyao, wakingoja ishara.

Manyunyu yakarudi. Na pale pembeni mwa hema, penye mwanya ambao binamu zetu walipaswa kuutumia, akaingia mwanamke aliyejifunika kitenge kuanzia kichwani, ameinama, anakwepa maji.

Mzee wa kofia akakatiza neno la ng'ombe. Akavua kofia.

"Uyu tunamusalimia sana," akasema. "Lakini haiko wetu."

Mwanamke akashtuka. "Miye?"

Wakampa soda. Akaipokea, maana alikuwa ametembea kutoka mbali. Akaingia wa pili.

"Na uyu haiko wetu," mzee akasema, sasa akionyesha ufundi wake. Soda. Wa tatu alipofunua kitenge, alikuwa na mapacha, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Bakwe," akasema, "uyu amesha kuwa na kazi ya kutosha."

Kisha akaona mstari unaoendelea nje ya hema, vitenge vya kila rangi vikishuka kutoka migombani mpaka mlangoni kwetu. Akamwinamia baba mdogo na kuuliza kwa sauti aliyoidhania ndogo: "Muko na mabinti wangapi mu ii nyumba?"

Soda zikaanza kupungua upande wao. Mwanamke mmoja mnene akakataa yake. "Muzee, miye niko na bwana yangu!" akasema. "Nilikuya kuchanjisha mutoto. Kama munataka kuoa, muoe banyewe kwa banyewe!"

Maman Titulaire akaingia wa mwisho, buti za mpira miguuni, koti jeupe limefungwa kiunoni. Hakusalimu mtu.

"Iko wapi?"

Nikainua miguu yote miwili bila kuinuka. Alilivuta sanduku kutoka chini yangu, akaliweka kwenye meza ya vinywaji, akafungua. Sikuweza kusimama. Wakwe waliweza, na walisimama wote, maana mwishowe walikuwa wanaenda kuona. Wakamzunguka. Mimi nilibaki kwenye kiti nikitazama migongo yao. Kila chupa ya chanjo ina alama ndogo ya mraba inayogeuka nyeusi joto likiipata. Ikishakuwa nyeusi, unaitupa chupa, na akina mama unawarudisha mlimani. Nilisikia kipande cha barafu kikitikiswa. Nilimwona Maman Titulaire akiinua chupa kuelekea mwanga, akiigeuza, akiishusha, akichukua nyingine. Wala hakuwa na haraka, mwanamke yule.

"Iko muzima," akasema. "Yote."

Sijui nilifanya nini kwa uso wangu, ila shangazi mmoja alinipa leso.

Mzee wa kofia alichungulia mpaka chini kabisa ya sanduku. "Kweli haina bière," akasema, kama mtu anayetangaza msiba.

Basi meza ya vinywaji ikawa meza ya chanjo. Na kwa kuwa hakuna mila inayosema neno la ng'ombe lisimame kwa ajili ya sindano, walau baba mdogo hakuikumbuka, mazungumzo yakaendelea. Kila alipotaja idadi, mtoto alipiga yowe.

"Munasikia?" akawaambia. "Hata batoto banalilia ngombe zetu."

"Banalia juu unataja mingi!" mzee wa kofia akajibu.

Mstari ukaisha. Maman Titulaire akatupa macho hemani. "Nani angali bila chanjo?"

Kwenye safu ya nyuma ya wakwe, shangazi wa bwana harusi alikuwa amekaa wima mno, kitenge kimekazwa mgongoni, na chini ya kitenge kikitokeza kisigino kidogo.

"Na ule mutoto, mama?"

"Haiko mutoto."

Kisigino kikacheza. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alisema amesikia kwamba sindano hiyo inaleta homa, kwamba mtoto wa jirani alichemka kama chai siku nzima, kwamba baba wa mtoto hayupo. Maman Titulaire akamweleza kwamba homa ndogo hupita. Akakataa. Mzee wa kofia akamwamuru kwa sauti yake yote. Akamkatalia na yeye.

Pazia likasogea. Mdogo wangu akatoka, kabla ya kuitwa, bila kitenge cha kumfunika, hereni moja sikioni na nyingine mkononi. Baba mdogo alitoa sauti kama puto linalotoboka. Mdogo wangu alipita mbele ya wakwe wote na kwenda kukaa karibu na yule shangazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baba mdogo alikuwa ametukataza kulisema siku ile. Shangazi yule alikuwa ameanza kumweleza habari za homa, akimsemea sikio la kushoto, na mdogo wangu akageuza kichwa.

"Shangazi, semea upande huu. Ule haisikie. Surua ilikula sikio ningali mu mugongo wa mama. Mbele ya ile surua, mama alinibeba mpaka ku centre kunichanjisha, bakamwambia sanduku haijafika."

Sikujua kwamba anaijua habari hiyo. Nilidhani niko nayo peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkono wa mama siku hiyo. Baba mdogo alikuwa akitazama juu, akiwaona ng'ombe wake wakiondoka mmoja mmoja.

"Ile neno hatukuambiwa," mzee wa kofia akasema taratibu.

Bwana harusi, kijana mpole ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua kinywa, akasema: "Miye nilijua, papa. Njo maana natembeaka ku kuume kwake."

"Basi ngombe zipunguke," sauti ikasema kutoka nyuma.

Baba mdogo akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Zipunguke? Ziongezeke! Mwanamuke wa sikio moja, mama mukwe akimutukana, atasikia nusu tu! Nyumba gani itakuwa na amani kama yenu?"

Aliyecheka kwanza ni mama mkwe mwenyewe, na hilo ndilo lililotuokoa, maana baada yake kila mtu alikuwa na ruhusa.

Shangazi hakucheka. Alikuwa bado akimtazama mdogo wangu, upande ule na upande huu, kama anayelinganisha. Kisha akafungua fundo la kitenge kifuani na kumvuta mtoto mbele. Alikuwa mtoto mnene aliyekuwa amelala, na alipoamka akamkuta Maman Titulaire mbele yake, akamchekea.

Chupa iliyokuwa imefunguliwa ilikuwa imekwisha. Chupa moja ni ya watoto wengi. Ukiifungua, kinachobaki mwisho wa siku unatupa. Maman Titulaire aliitazama chupa mpya, akatazama mwanya wa hema kama kuna mwingine anayekuja, hakuna. Akaivunja muhuri.

"Kwa mumoja tu, maman?" nikauliza kutoka kitini.

"Huyu njo mumoja mwenye eko apa," akasema, akachanganya dawa.

Sindano iliingia. Mtoto aliendelea kucheka kidogo, kana kwamba habari bado iko njiani, kisha ikafika. Sijawahi kusikia kilio kile. Mzee wa kofia alimchukua, akamrusha juu, akamtikisa, akampa kofia aitafune. Na katikati ya kelele hiyo, baba mdogo akainama karibu na sikio la mzee akataja idadi ya ng'ombe, na sote tuliona kofia haipo na kichwa cha mzee kikienda juu, chini, juu, chini. Shangazi zangu wakapiga vigelegele hapohapo. Mpaka leo mzee anadai alikuwa akibembeleza mtoto.